Mkono wa Kulia wa Mbodze

Siku hizi viti vya magurudumu vina macho. Mtoto akionyesha nafuu yoyote, kiti kinapeleka habari, na kesho yake kinajiondokea kwenda kwa mwingine. Nami ni mwalimu wa michezo wa watoto wenye ulemavu. Kazi yangu ni hiyo nafuu!

Siku mwanafunzi wangu Mbodze alipoinua mkono wa kulia, uliokuwa umepooza, akarusha mpira, nilimrukia nikaubana mkono wake chini kabla kiti hakijaona. Bila kiti angetambaa. Tangu hapo nikawa namfundisha kushindwa, mkono aulaze tu kama uliokufa, na mwaka mzima alishindwa vizuri.

Jana nilikwenda kwao. Mama yake alikifunika kiti kwa blanketi, akamkalisha Mbodze mkekani.

“Hakituoni, mwanangu. Mwonyeshe Mwalimu.”

Nikamwekea mpira mapajani. “Rusha, Mbodze. Leo rusha kweli.”

Mkono haukusogea.

“Anaigiza, eti Mwalimu?” Mama alinishika kanzu. “Si ndivyo ulivyomfundisha? Niambie anaigiza.”

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameukodolea macho mkono wake, ameuma meno, jasho linamchuruzika.