Nyanya za Uarabuni

Niliweka simu kwa spika, nikaisimamisha juu ya rundo langu la omena, dagaa wa ziwani, ili wanawake wote wa soko la Sori wasikie. Walitaka kujua kama maisha ya Uarabuni ni ghali kuliko ya huku, kabla hawajawatuma binti zao wamfuate Truphena wangu kwenye kazi za ndani.

“Nyathina, mwanangu, unga huko ni pesa ngapi?”

“Sijui, mama.”

“Na nyanya?”

“Sijui.”

Wakaangua kicheko. Huyu aliyekuwa akibishania bei ya nyanya hapa mpaka wauzaji wanajificha!

“Mwaka mzima, hata kitunguu hujui?” nikamuuliza.

Nikasikia pumzi yake, karibu sana na simu.

“Mama, tangu nifike sijatoka nje. Madam hutembea na ufunguo.”

Nyuma yangu mmoja ambaye hakusikia vizuri akauliza, “Amesema ni ngapi?”