Mkono wa Darajani

Uvumi ule ulimkwama Anifa kama mwiba wa samaki kooni: akimeza mate unachoma, akinyamaza unachoma. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walisema kule Lilongwe, ku mtaa wa Mchesi, kuna mama mgeni anayeuza vitenge, na kila Mkongomani anayepita anamuuliza swali moja tu: "Ulikuwa ku daraja siku ile ya treni?"

"Anatafuta mwanamuke mwenye alikamata mukono wa mutoto wake pale," alisema jirani yake Mamy, huku akijichukulia sambusa kando ya karai la Anifa bila kukaribishwa. "Mama Maimouna, si na we ulivukaka pale? Ee, angalia karai basi, mafuta itakuchoma!"

Anifa akacheka naye. Sambusa zikaungua.

Daraja lenyewe liko kwao, juu ya mto Lualaba. Ni la chuma, na njia ni moja: treni, malori na watu wa miguu wote wanapita palepale. Siku ya kukimbia vita, watu walikuwa wamejaa katikati filimbi ilipolia. Wakajibana kwenye vyuma, mama kwa mama, mzigo kwa mzigo. Treni ikapita na moshi wake. Ndani ya moshi ule Anifa, na furushi lake kichwani, akadaka mkono mdogo wa mtoto wa watu uliokuwa karibu, akakimbia.

Nyuma, mwanamke alipiga yowe. Anifa alilisikia. Hakugeuka.

Ng'ambo, mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, akijiita mwenyewe, "Maimouna, Maimouna," kama wanavyofanya watoto ambao bado hawajajua maneno mengi. Anifa akamfunga mgongoni, safari ikaendelea. Tangu hapo yowe lile halijamwacha. Linaingia hata katikati ya swala.

Sasa Maimouna amekuwa msichana, na fundi mmoja wa Mchesi amekubali kumfundisha cherehani. Nafasi kama hiyo mkimbizi haioni mara mbili. Kumnyima kungekuwa dhambi juu ya dhambi.

"Mama, we unaogopa hata kabaza!" Maimouna alimcheka. Alikuwa amekwisha kaa nyuma kwenye baiskeli ya abiria, mfuko mapajani. "Uniruhusu ao unikataze, nijue moja!"

Anifa akamshika mkono. Hakuuachia mpaka amemaliza kusema:

"Usikule nsima ya njiani.

Usipande kabaza ya mulevi.

Batu bakianza habari za daraja, usibakie pale.

Usinunue kitenge kwa yule mama.

Akikuuliza jina, usimuambie.

Na kama analia, anakuita Maimouna na haujamuambia jina, usigeuke."