Maneno ya Digidigi

Wanyama waliolinda kisima walikuwa na kikao kila asubuhi, na kila asubuhi Digidigi alitoka kikaoni akitetemeka kwa hasira. Yeye ndiye aliyesema walinde kwa zamu. Yeye ndiye aliyesema njia ya nyuma izibwe kwa miiba. Lakini alisema kwa sauti ndogo, akianza na "samahani", na kabla hajamaliza Nyani alikuwa ameshasimama, anayarudia maneno yaleyale kwa kelele huku akijipigapiga kifua.

"Huyu Nyani ana akili!" alisema Nyati, mwenyekiti wao, na wote wakapiga makofi.

Siku Chui alipohamia kando ya kisima, hasira ilikuwa imemfika Digidigi kooni. Hakuomba samahani. Alisimama akasema, "Mwenyekiti, leo hii mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia Chui ahame..."

Nyani akaruka juu. "Mimi mwenyewe! Leo hii nitakwenda kumwambia Chui ahame!"

Makofi yakapigwa. "Haya, nenda," alisema Nyati. "Tunakusubiri."

Nyani akatazama kisimani. Chui alikuwa anapiga miayo, meno yote nje. Nyani akarudi nyuma.

"Mwenyekiti," akalia, "maneno haya si yangu! Ni ya Digidigi!"

Kikao kizima kikageuka kumtazama Digidigi. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Na yale ya zamu, Nyani, yalikuwa ya nani?" aliuliza. "Na ya miiba? Sema. Kwa sauti ileile."