Ubao wa Waasisi

Mwenyekiti Muataz alinyanyua kidole, taarab ikakatika. Kidole hicho kiliwahi kukaa Unguja siku nne, kwa hiyo kilijua muziki.

"Najma, umekosea tena."

Najma, aliyetunga wimbo wenyewe, hakuuliza amekosea wapi. Kikundi kilikuwa na umri wa wiki sita, na tayari kilikuwa na katiba, mhuri, sare za zambarau na ubao wa waasisi, uliotundikwa katika ukumbi juu ya duka la Muataz pale Bagamoyo. Kilichopungua ni nyimbo. Majina yangeandikwa alasiri hiyo kwa rangi ya dhahabu, na Najma alilitaka lake liwe pale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Fidla ya Hamidu inakwaruza. Ngoma ya Rajabu inakimbia mvua," Mwenyekiti aliendelea. "Mfuateni shemeji yangu Yahya. Wiki sita, hajakosea hata mara moja."

Yahya, nyuma ya kinanda kipya, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kinanda hicho Mwenyekiti alikitambia kwa kila mgeni: si cha betri kama vya watoto, chenyewe kilikula umeme wa ukutani tu.

"Kinanda chake kina adabu. Hakimfuniki mwimbaji. Au nasema uongo, Hamidu?"

"Kina adabu sana, Mwenyekiti," alisema Hamidu, aliyekaa ubavuni pa Yahya. Rajabu naye akaitikia. Katika kikundi cha muziki hakuna anayetaka kuonekana hana masikio.

"Basi, Mwenyekiti," alisema Najma, "namwomba Yahya anipe sauti ya kuanzia."

Yahya akakohoa.

"Mwimbaji wa kuombaomba sauti!" Muataz alimgeukia mchora maandishi, aliyesubiri na brashi yake kando ya ubao. "Huyu mwache. Hatakuwemo."

Jina la Yahya likaandikwa la kwanza kabisa, na chini yake, kwa herufi za madaha: Sikio la Bagamoyo. Wote walipiga makofi, wakashuka dukani kunywa sharubati.

Najma aliachiwa kazi ya mwisho, kukunja nyaya. Alikunja wa kipaza sauti. Alikunja wa spika.

Wa kinanda haukuhitaji kukunjwa. Aliukuta ndani ya boksi lake, umo katika nailoni ya dukani, haijafunguliwa.