Diski ya Picha za Kichwa

Mke aliuona uso wa daktari ukikunjamana. Diski yenye picha mpya za kichwa cha mumewe, aliyeketi kando yake, ilikuwa imeingizwa tena na tena, na kompyuta bado ilidai diski haina kitu.

"Itabidi apigwe picha upya, mama."

Kungoja kulikuwa kumeshawamaliza. "Hebu nipe," mke akasema. Akaipumulia diski, akaifuta kwa ncha ya mtandio kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu, kama anayemfuta mtoto mchanga uso.

Mashine ikakoroma, kisha picha zikajaa kwenye skrini. Daktari akazisogelea.

"Ule uvimbe wa kwenye picha za kwanza," akasema, "siuoni tena."

"Kwani kompyuta yako inaona vizuri?" mume akauliza.

Mke akamfinya paja, akaangua kicheko hadi muuguzi akaja mbio.