Kitambaa cha Mama Mkwe

Mashine ya kuoshea vyombo ilitoa tena sahani zinazochuruzika maji, na wageni walikuwa njiani. Bwana Haidari aliirudishia glasi, akaiwasha, akaipiga kofi, kisha akamgeukia mkewe.

"Unapanga vyombo kishamba, Mwanaidi."

"Toa kitambaa. Kimeziba matundu ya mvuke."

Kitambaa hicho cheupe alikifuma mama yake Haidari, naye ndiye aliyeagiza kifunike mashine mpaka kwenye matundu ya mlango wake, kama vingine vilivyofunika redio na friji.

"Kitambaa cha mama yangu kimekukosea nini? Hebu futa sahani, wageni wanakuja."

Tangu mashine iletwe, Mwanaidi ndiye aliyekausha kila sahani ambayo mumewe alijisifia nayo. Leo alivuta kiti, akaketi.

"Si wewe unayewaambia majirani kwamba mwenye mashine hafuti vyombo?"

Hodi ikapigwa. Haidari alitafuta taulo asilione, akakinyakua kile kitambaa juu ya mashine, akaanza kufuta kwa pupa. Nyuma yake, mvuke ukatoka mlangoni mwa mashine, mweupe, ukapanda taratibu hadi darini.

Mwanaidi aliutazama, akainuka kufungua mlango.

"Karibuni," akaita. "Mwenye nyumba yuko jikoni."