Kibao Chini ya Kiti

Sista Eufrasia aliushika mkono wa fundi Mkude, ule uliokuwa na nyundo. "Nikionekana nimekaa tena kwenye sala, Mama Mkuu atanipeleka makao ya wazee. Miaka arobaini nimeishi hapa, fundi. Miguu haitaki tena."

"Mnasimama muda gani, Sista?"

"Saa nzima. Pigilia kibao kidogo chini ya bao la kukalia. Bao likiinuliwa, kitatokeza nyuma yangu nikiegemee, nionekane nimesimama. Watawa wa kale walikuwa nacho. Walikiita misericordia, yaani huruma. Ni Kilatini, mnyonge na moyo, maneno mawili yaliyofungwa pamoja."

Fundi alichukua kibao. Alipima kwa kiganja, akapigilia misumari minne.

Kengele ikalia. Masista wakaingia, wakainua mabao ya viti, wakasimama. Kwenye zaburi ya tatu miguu ya Eufrasia ililegea. Akajiachia juu ya kibao, nacho kikatoa mlio, kanisa zima likasikia.

Mama Mkuu akageuka. Akamtazama Eufrasia machoni, kisha magotini, mahali gauni lilipokuwa likitetemeka. Halafu, bila kuacha kuimba, akarudisha mkono nyuma taratibu, akapapasa upande wa chini wa bao lake mwenyewe, akitafuta kibao.